Ugonjwa Wakati wa Mitihani ya Chuo Kikuu: Tiba Kwanza, Nyaraka kwa Wakati

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mitihani ya mwisho wa muhula katika vyuo vikuu vya Tanzania hufanyika ndani ya wiki chache, na ratiba yake haimsubiri mtu. Malaria, maumivu makali ya selimundu, ajali ya bodaboda au uchungu wa uzazi huweza kumkuta mwanafunzi asubuhi ile ile ambayo anatakiwa kuwa mlangoni pa ukumbi wa mtihani akiwa na kitambulisho chake mkononi. Katika saa hizo mambo mawili huamuliwa kwa pamoja, yaani afya yake na mwaka wake wa masomo.

Kanuni za vyuo hazimwachi mwanafunzi huyo bila msaada. Zipo taratibu za kuahirisha mtihani, kufanya mtihani maalumu na hata kusitisha masomo kwa muda kwa sababu za kiafya. Hata hivyo, taratibu hizo husimama juu ya ushahidi. Mwanafunzi aliyeugua kweli lakini akakosa cheti, au akakiwasilisha baada ya muda uliowekwa, anaweza kujikuta katika nafasi sawa na yule aliyekosa mtihani bila sababu yoyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika suala hili mali inayozungumzwa ni shahada.

Mtihani maalumu si mtihani wa marudio

Usimamizi wa elimu ya vyuo vikuu nchini uko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346. Tume huweka viwango na miongozo ya jumla, wakati kila chuo, kupitia Seneti yake, hutunga kanuni za mitihani zinazowahusu wanafunzi wake. Kwa sababu hiyo, siku za kuwasilisha taarifa ya ugonjwa, ofisi inayopokea na fomu zinazotumika hutofautiana kati ya chuo kimoja na kingine, ingawa misingi yake inafanana.

Msingi wa kwanza ni kutofautisha mtihani maalumu na mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wengi huuita "sapu". Mtihani wa marudio humhusu aliyefanya mtihani akashindwa, na katika vyuo vingi alama ya juu anayoweza kupewa akifaulu ni daraja C, hata kama majibu yake yalistahili A. Mtihani maalumu humhusu aliyezuiwa kufanya mtihani kwa sababu nzito iliyokubaliwa na chuo, ugonjwa ukiwa miongoni mwake. Huyu huhesabiwa kuwa anafanya mtihani kwa mara ya kwanza, hivyo hupata daraja lolote analostahili. Alama zake za kazi za muhula nazo hubaki na thamani yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika mfumo wa alama unaotumika kwa shahada za kwanza, daraja A lina pointi 5 na daraja C lina pointi 2. Kwa somo lenye krediti 12, kupata C badala ya A ni kupoteza pointi 36. Zikigawanywa kwa krediti 360 za shahada ya miaka mitatu, wastani wa mwanafunzi hushuka kwa 0.1. Kiasi hicho kinatosha kumtoa mtu kwenye wastani wa 4.4, ambao ndio mwanzo wa daraja la kwanza, na kumweka kwenye 4.3, ambao ni daraja la pili la juu. Karatasi moja ya daktari iliyowasilishwa kwa wakati, au iliyokosekana, inaweza kuamua hilo.

Upande mwingine ni mzito zaidi. Kanuni za vyuo vingi humhesabu anayekosa mtihani bila sababu ya msingi kuwa ameutoroka, na matokeo yake yanaweza kuwa kufeli somo husika au kuondolewa masomoni kabisa. Chuo hakina njia ya kumtofautisha mtoro na mgonjwa isipokuwa kwa kumbukumbu zinazowekwa mbele yake.

Safari huanzia kwa mtoa huduma za afya

Kosa linalowagharimu wengi ni kuanza na duka la dawa. Mwanafunzi anayehisi homa usiku wa kuamkia mtihani hununua dawa za maumivu na za malaria, hulala, na hukosa mtihani kesho yake. Siku ya tatu, akiwa amepata nafuu, huenda hospitali kuomba cheti cha siku zilizopita. Daktari aliyempokea hawezi kuthibitisha hali ambayo hakuiona. Anachoweza kuandika ni kile alichokikuta siku ya kumpima, na risiti ya dawa haichukui nafasi ya vipimo wala maelezo ya mtaalamu.

Njia iliyo salama ni kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya mara dalili zinapojitokeza. Vyuo vikuu vikubwa nchini vina vituo vyao vya afya au hospitali ndani ya kampasi, na hapo ndipo mahali pa kuanzia kwa mwanafunzi anayeweza kufika. Kwa dharura, kama vile ajali, kutokwa na damu au kupoteza fahamu, kituo kilicho karibu zaidi ndicho sahihi, kiwe zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri au hospitali ya rufaa ya mkoa. Taarifa kwa chuo hufuata baada ya hapo.

Suala la gharama lisimfanye mwanafunzi achelewe kutafuta matibabu. Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa elimu ya juu wamekuwa wakisajiliwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kupitia vyuo vyao kwa mchango wa Shilingi 50,400 kwa mwaka, na bima hiyo hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko kote nchini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imeimarisha msingi huo kwa kulenga kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Jambo linalohitaji uangalizi ni muda. Mwanafunzi anayesubiri augue ndipo afuatilie usajili wake hugundua akiwa mapokezi ya hospitali kwamba taarifa zake hazijakamilika. Wiki za kwanza za mwaka wa masomo ndizo za kuhakiki kwamba malipo yamepokelewa na uanachama uko hai.

Cheti kinachokubalika kina sifa gani

Cheti cha mapumziko ya ugonjwa, ambacho watu wengi hukifahamu kwa jina la ED, si barua ya kumwombea mtu huruma. Ni taarifa ya kitaalamu. Ili ofisi ya chuo iweze kuitegemea, inapaswa kuonesha jina kamili la mgonjwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha chuo, jina la kituo, tarehe aliyohudhuria na namba ya jalada lake. Inapaswa pia kuonesha siku ambazo mtaalamu anaona hawezi kufanya shughuli za masomo, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Mwisho kuwe na jina na saini ya mtaalamu, namba yake ya usajili katika baraza la taaluma yake na mhuri wa kituo.

Aliyelazwa anahitaji pia muhtasari wa matibabu unaotolewa anaporuhusiwa kutoka hospitali. Aliyepewa rufaa kutoka hospitali moja kwenda nyingine atunze barua ya rufaa, kwa kuwa ndiyo inayounganisha tarehe. Ni busara kuomba nyaraka hizi kabla ya kuondoka kituoni, kusoma tarehe zake na kuomba marekebisho hapo hapo iwapo kuna kosa. Jina lililoandikwa tofauti au mwezi uliokosewa umewarudisha watu hospitali kilomita mamia baada ya kufika chuoni.

Hilo huwahusu zaidi wanafunzi walio nje ya kampasi. Mwanafunzi wa ualimu aliyepangiwa mafunzo kwa vitendo katika shule ya kijijini, au wa uhandisi aliye kwenye mradi wa barabara, akiugua huko hutibiwa huko. Vyuo vingi huhitaji cheti cha kituo cha nje kipitiwe na mganga wa chuo kabla ya kukubalika, hivyo nakala halisi isiachwe kwa msimamizi wa mafunzo. Atunze nyaraka halisi na kubaki na nakala ya kila anachokabidhi.

Taarifa kwa chuo isisubiri kupona

Matibabu na taarifa ni mambo mawili yanayoweza kwenda pamoja. Pale ambapo mgonjwa hawezi kuinuka kitandani, ndugu, mwenzake wa chumba au kiongozi wa darasa anaweza kufikisha taarifa ya awali kwa mkuu wa idara na kwa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Taarifa hiyo ya awali si lazima iwe na kila kitu. Inatosha kueleza jina, namba ya usajili, mtihani unaohusika, kituo anakotibiwa na kwamba nyaraka zitafuata. Ikitumwa kwa maandishi, hata kwa baruapepe, hubaki na tarehe na saa yake, jambo ambalo simu haiwezi kulithibitisha.

Baada ya hapo huja ombi rasmi la kuahirisha mtihani, likiambatishwa na cheti. Kwa kawaida hupitia idara, kitivo, skuli au ndaki, na uamuzi hutolewa na mamlaka iliyotajwa katika kanuni za chuo. Jambo la msingi ni kwamba kuwasilisha ombi si kukubaliwa. Mwanafunzi afuatilie hadi apate jibu la maandishi linalotaja somo na muda wa kufanya mtihani maalumu. Katika vyuo vingi mitihani maalumu hufanyika pamoja na ile ya marudio kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, na anayekosa nafasi hiyo anaweza kusubiri hadi somo litakapofundishwa tena.

Ombi likikataliwa, njia ya rufaa ipo ndani ya chuo, na serikali za wanafunzi zina wajibu wa kuwaongoza wanachama wao katika kuitumia. Rufaa hupata nguvu kutokana na mpangilio wa tarehe, yaani lini aliugua, lini alitibiwa, lini alitoa taarifa na lini aliwasilisha nyaraka.

Kuingia ukumbini ukiwa mgonjwa

Wapo wanaoamua kujikaza. Hofu ya kuonekana wanakwepa, au ya kuchelewa kuhitimu, huwafanya waingie kwenye chumba cha mtihani wakiwa na homa kali. Uamuzi huo una athari za kiafya na za kikanuni. Aliyefanya mtihani na kukabidhi karatasi yake amehesabiwa kuwa ameufanya, na ni vigumu zaidi kwake kudai baadaye kwamba matokeo mabaya yalitokana na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Akishindwa, kinachobaki kwake ni marudio yenye ukomo wa daraja C.

Anayezidiwa akiwa ndani ya ukumbi amwarifu msimamizi papo hapo. Msimamizi ndiye anayeweza kuandika tukio hilo katika taarifa ya mtihani na kuhakikisha mgonjwa anapelekwa kituo cha afya. Kuondoka kimya kimya, hata kama ni kwenda hospitali, huacha pengo ambalo cheti peke yake hakilizibi.

Maradhi ya kudumu na maradhi yasiyoonekana

Si kila ugonjwa huja ghafla. Mwanafunzi mwenye selimundu, kisukari, pumu au kifafa anajua kwamba huenda siku ngumu ikaangukia siku ya mtihani. Kwake, mahali pa kuanzia ni kufungua jalada katika kituo cha afya cha chuo anapojiunga, akiwasilisha historia ya matibabu yake. Jalada hilo huwezesha mganga wa chuo kuthibitisha hali yake haraka, na huwezesha chuo kupanga mapema mahitaji kama vile ukumbi ulio karibu au ruhusa ya kuwa na dawa na maji mezani.

Sonona na maradhi mengine ya afya ya akili yanahitaji uzito huo huo. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hana homa wala jeraha, na wakati mwingine ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa. Anayepoteza usingizi kwa wiki kadhaa, asiyeweza kula au anayejitenga na wenzake anastahili kuonana na mshauri nasaha wa chuo, na pale inapohitajika kupewa rufaa ya kumwona daktari wa afya ya akili. Ripoti ya mtaalamu huyo ni cheti kamili kama cha aliyevunjika mguu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika eneo hili wenzake wa chumba na wahadhiri huona dalili kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Faragha ni haki

Sababu nyingine inayowafanya baadhi wasiwasilishe nyaraka ni aibu ya ugonjwa wao kujulikana idarani. Sheria za nchi zimelizingatia hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji uangalizi wa pekee. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya maambukizi ya mtu.

Kinachohitajika kwa uamuzi wa mtihani ni kuthibitisha kwamba mwanafunzi hakuwa na uwezo wa kufanya mtihani katika tarehe fulani. Jina la ugonjwa si lazima lipite kila meza. Mwanafunzi mwenye hofu anaweza kumwomba mganga wa chuo apokee ripoti kamili na kisha aiandikie idara uthibitisho wa tarehe pekee. Ofisi zinazopokea nyaraka hizi nazo zina wajibu wa kuzitunza kwenye majalada ya siri, na si kuzibandika pamoja na orodha za watahiniwa kwenye mbao za matangazo.

Cheti cha kughushi huwaumiza wagonjwa wa kweli

Ukali wa vyuo katika kuhakiki vyeti haukuzuka hivi hivi. Kila cheti cha uongo kinachogundulika huongeza shaka juu ya kinachofuata, na anayelipa gharama hiyo ni mgonjwa wa kweli. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitaja kughushi nyaraka kuwa kosa la jinai ambalo adhabu yake ya jumla inaweza kufikia kifungo cha miaka saba, na anayewasilisha waraka wa kughushi akijua hali yake hahesabiwi kuwa na kosa dogo zaidi. Mtaalamu wa afya anayetoa cheti kwa mtu ambaye hakumpima naye anawajibika mbele ya baraza la taaluma yake, na leseni yake iko hatarini.

Mkopo na kusitisha masomo

Ugonjwa unapokuwa mrefu, mtihani maalumu hautoshi. Hapo mwanafunzi anaweza kuomba kusitisha masomo kwa muhula au mwaka mzima. Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), hatua hiyo inagusa maisha yake ya kila siku, kwa kuwa fedha za chakula na malazi, ambazo kiwango chake kilipandishwa kutoka Shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, hutolewa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na anayeendelea na masomo.

Mwanafunzi anayeondoka bila barua ya kusitisha masomo huonekana katika kumbukumbu kama aliyeacha chuo. Barua hiyo, pamoja na ripoti ya daktari, ifikishwe pia kwenye Dawati la Mikopo la chuo ili Bodi ipate taarifa sahihi. Anaporejea, anahitaji uthibitisho wa daktari kwamba amepona kiasi cha kuendelea, barua ya chuo ya kurudishwa masomoni na taarifa mpya kwa Dawati hilo hilo.

Kinachohitaji kuboreshwa

Wajibu haumwangukii mwanafunzi peke yake. Kanuni nyingi za mitihani zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na hukaa ndani ya vitabu ambavyo mwanafunzi huvifungua akiwa tayari matatani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja ofisi, fomu na siku za mwisho, ukibandikwa mabwenini na katika kituo cha afya kabla ya mitihani, ungeokoa miaka ya masomo ya watu. Muda wa kuwasilisha nyaraka nao unastahili kuzingatia aliyelazwa, kwa kuwa si haki siku zihesabike wakati mgonjwa bado yuko wodini.

Matumizi ya mifumo ya kielektroniki kama GoTHOMIS katika vituo vya umma yanafungua nafasi nyingine. Mahudhurio ya mgonjwa yanapoingizwa kwenye mfumo siku ile ile, uhakiki wa cheti unaweza kufanyika kwa muda mfupi bila kumtuma mwanafunzi kurudi mkoani kutafuta mhuri, mradi misingi ya ulinzi wa taarifa binafsi inazingatiwa.

Wakati hayo yakiendelea kufanyiwa kazi, wajibu wa kila mwanafunzi na mzazi ni kuhakikisha mambo matatu kabla ya ratiba ya mitihani kutoka: bima iko hai, jalada limefunguliwa katika kituo cha afya cha chuo, na ofisi ya kupeleka taarifa inajulikana. Ugonjwa ukija, aende kwa mtaalamu siku ile ile, atoe taarifa siku ile ile, na asiondoke kituoni bila karatasi yenye tarehe, saini na mhuri.